Ulimi wa Eliufoo

Ijumaa jioni, Esta akiwa anasuuza vyombo uani, Fortunata alimdanganya mkwewe kwa mara ya kwanza tangu binti huyo aolewe pale. Alimwambia kwamba kesho atakwenda na kina mama wenzake kufagia kanisa, na kwamba atamchukua Eliufoo akacheze na watoto wengine. Alisema hayo huku akichambua maharage, macho chini. Mwanamke ambaye siku zote huongea akikukazia macho mpaka unaona haya wewe, jioni ile aliongea na ungo.

"Sawa, mama," Esta akajibu. "Nitamwachia uji kwenye chupa ya chai."

Basi, yakaisha hapo. Hakuuliza kwa nini mtoto anayejificha nyuma ya mlango akisikia hodi apelekwe kwenye kundi la watoto. Kesho yake mwenyewe alikuwa na safari ya Same mjini, kwenye mkutano wa wakulima wa tangawizi, gari linaondoka kabla hakujapambazuka, na akili yake ilikuwa huko. Fortunata alishusha pumzi. Akajichukia kidogo kwa kushusha pumzi, halafu akajisamehe, maana kwa hesabu zake alikuwa anamwokoa mtoto.

Eliufoo alikuwa na miaka miwili na miezi mitano, na ukimtoa mama yake, hapakuwa na mtu pale kijijini aliyewahi kumsikia akitamka neno. Mwili wake ulikuwa na afya tele. Ukimtuma mwiko alileta mwiko, si kijiko. Ukimwambia mbuzi amekula mboga alimtazama mbuzi, akatazama mboga, kisha akakutazama wewe kuona utafanya nini. Lakini mdomo, kimya. Mgeni akiingia, mtoto alijibanza kwenye khanga ya mama yake akachungulia kwa jicho moja. Siku mbuzi huyo alipoletwa, watoto wa mtaa mzima walimkimbilia papo hapo. Eliufoo alimtazama kutoka mlangoni kwa siku tatu, na siku ya nne ndipo alipokwenda kumgusa sikio.

Kilichomharibia ni jirani. Hatua ishirini tu kutoka hapo alikaa Agape, mjukuu mwingine wa Fortunata kwa bintiye Faraja, aliyezaliwa miezi miwili baada ya Eliufoo. Agape alikuwa redio isiyoishiwa betri. Alimwamkia kila apitaye, "chikamoo", akawaamkia na mbuzi wa kwao, na asiyeitikia alimfuata mpaka njiani. Fortunata alimpenda mjukuu huyo kwa raha zote, kwa sababu alikuwa anajiona mwenyewe. Kila asubuhi aliwasimamisha wote wawili mbele yake, akamwinamia Eliufoo pua kwa pua.

"Sema shikamoo bibi. Shi-ka-moo. Mwenzako anasema, wewe una nini? Haya, sema."

Eliufoo alitazama vidole vyake vya miguu. Kadiri bibi alivyozidi kuinama, ndivyo kidevu cha mtoto kilivyozidi kuzama kifuani.

Esta alisisitiza kwamba mtoto anaongea. Alisema wakiwa wawili tu shambani, katikati ya tangawizi, hakuna mtu, Eliufoo hutoa neno moja moja, kwa sauti ya chini. Alikuwa na daftari ambalo aliandika kila neno alilolisikia na siku aliyolisikia: maji, kuku, moto, inanuka. Alimwonyesha mama mkwe akitarajia watafurahi pamoja. Fortunata alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hata mimi naweza kuandika kwamba jogoo wetu anasali," alisema.

Tangu siku ile Esta aliliweka daftari juu ya kabati, wala hakulitaja tena. Alikuwa mkimya tangu alipofika, huyo Esta, na Fortunata aliamini kabisa kwamba ukimya wa mtoto umetoka upande huo. Kule kliniki muuguzi alimpima mtoto masikio, akamtuma vitu, akamchezea kwa muda mrefu bila kumsemesha. Akasema masikio mazima, akili nzima. Akasema wapo watoto wa kurukia jambo na wapo watoto wa kutazama kwanza, na huyu ni wa kutazama. "Msimbane," alisema. "Mkimbana anazidi kujifunga. Ongeeni naye taratibu, mumpe nafasi ya kujibu, mnirudishie baada ya miezi mitatu nimwone tena." Esta alirudi amejaa matumaini. Fortunata alirudi amenuna, maana hakuona dawa yoyote mkononi.

Hofu yake ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Loth. Loth alikuwa mdogo wake wa kumfuata, akafika miaka minne watu wakimwita bubu. Siku moja alitumbukia kwenye ndiva, bwawa lile la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, mchana kweupe, watu wakiwa karibu, na hakuna aliyejua mpaka alipoonekana akielea. Msibani wakubwa walisema maneno ambayo Fortunata, msichana wa miaka tisa wakati huo, aliyabeba mpaka mvi zikamtoka. Angekuwa na mdomo, walisema, angeita. Ndiyo maana kila Eliufoo alipotoka nje ya uzio peke yake, bibi yake alimfuata mbio. Maji yalikuwepo palepale. Ndiva ilikuwa palepale.

Basi Eliaichi, jirani yake na mwenzake wa kwaya, alipomwambia kwamba mtoto ana udata, alikuta mlango uko wazi. Udata ni ule uzi ulio chini ya ulimi. Eliaichi alisema ukikaza sana ulimi hauchezi, na kwamba huko bondeni, njia ya Kihurio, yupo mtu anaitwa Zephania anayeukata kwa wembe, dakika moja tu. Mjukuu wake yeye Eliaichi alikatwa, na sasa hawapumziki kwa maneno yake. Fortunata alimpigia simu mwanawe Wilbard, baba wa mtoto, aliyekuwa Kihurio akilima mashamba ya mpunga kwa pawatila, trekta lile dogo la mkono.

"Muuguzi amesema tungoje, mama," Wilbard alisema. "Ngojeni. Msije mkamkata mtoto wangu."

Fortunata alikata simu akasema moyoni kwamba hata baba yao, yeye na Loth, alingoja.

Jumamosi asubuhi, Esta akiwa ameshaondoka, Eliaichi alifika na bodaboda mbili. Faraja alitoka nje kuuliza wanakwenda wapi mapema hivyo, na Fortunata, mtoto begani, akamvuta pembeni akamwambia. Faraja alikunja uso.

"Na Esta je?"

"Tusimwambie mama yake," Fortunata alisema, akapiga ulimi, ntch, kama alivyozoea akitaka kukata maneno. "Tusimwambie mama. Tukirudi mtoto anaongea, atasikia mwenyewe."

Akalirudia kwa Eliaichi, na akalirudia tena walipokuwa wanapanda pikipiki, maana hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Eliufoo, shavu limeegemea bega la bibi, alimtazama mdomo tu.

Walishuka mlima huku breki zinalia. Baridi iliwaacha njiani, na walipofika tambarare jasho lilikuwa limeshamtoka Fortunata mgongoni. Barabara ilipita kando ya mashamba ya mpunga. Akaona pawatila shambani, mtu mrefu mwenye kofia ameinamia usukani wake. Akajitanda khanga mpaka machoni, akamfunika na mtoto. Pikipiki ikapita. Hakujua kama alikuwa Wilbard au siye. Alijua tu kwamba hajawahi kumkwepa mwanawe wa kumzaa, na kwamba leo amemkwepa.

Kwa Zephania palikuwa na nyumba ya matofali na banda la bati lililozungushiwa makuti, halionekani kutoka barabarani. Zephania mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni kama karani. Aliwapanga wanawake kwenye benchi, kila mmoja na mtoto wake. Fortunata alikuwa wa tano.

"Hapa hakuna kuongea," Zephania aliwaambia. "Bwana afya ameanza kupitapita barabarani, juzi alisimamisha pikipiki pale kwenye kona. Mtoto kulia si ajabu, ila akisikia sauti za watu wazima wengi ataingia, na tutakwenda kujieleza wote. Mtu akifungua mdomo anarudi kwao."

Kisha akaingia nyuma ya pazia na mtoto wa kwanza.

Kilio kilichotoka huko kilianza kama kilio cha mtoto yeyote aliyeshikwa na mtu asiyemjua. Halafu kikabadilika. Kikawa kina kitu ndani yake, kama mtu anayelia huku akimeza. Mama aliyetoka alikuwa amembana mwanawe kifuani na kitambaa kimejaa mdomoni kwa mtoto, cheupe upande mmoja na upande wa pili si cheupe tena. Alipita mbele yao bila kumtazama mtu. Fortunata alifungua mdomo kumpa pole, kumuuliza vipi, imechukua muda gani, na Eliaichi akamfinya paja. Akaufunga.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu wa maneno akinyimwa maneno. Ni adhabu. Fortunata alikaa na mjukuu wake mapajani, uso wa mtoto umeelekea mbele, na hakuwa na mtu wa kumsemesha wala kitu cha kusema. Alizoea kujaza kila mwanya. Njiani, jikoni, shambani, hata akiwa peke yake aliongea na sufuria. Sasa alisikia bati likijikunja kwa joto, nzi, na pumzi zake mwenyewe. Mtoto wa pili akaingia. Kilio kile kile, na badiliko lile lile. Mikono ya Fortunata ililowa. Hakumwinamia Eliufoo. Hakumwambia chochote. Hakumtikisa wala kumpapasa. Alikaa tu, na muda ukapita, mrefu kuliko muda wowote aliowahi kukaa na mtoto yule bila kumwambia aseme.

"Mjusi."

Alidhani ni mtoto wa mwanamke aliye pembeni. Akageuza macho bila kugeuza shingo. Mtoto yule alikuwa amelala.

"Mjusi anapanda."

Sauti ilitoka mapajani mwake. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayejiambia mwenyewe, lakini kila herufi ilikuwa mahali pake. Juu ya nguzo ya banda, mbele yao, mjusi wa kijivu alikuwa kweli anapanda. Fortunata aliacha kupumua. Kila kitu ndani yake kilitaka kupiga kigelegele, kumgeuza mtoto, kumwambia rudia, sema tena, sema mjusi. Akajiuma mdomo. Mjusi aliteleza, akadondoka chini, akakimbilia kwenye makuti.

"Ameanguka," Eliufoo alisema, akacheka kidogo puani.

Machozi yalimtoka Fortunata, yakamtiririka mpaka kidevuni na hakuinua mkono kuyafuta, asije akamshtua. Alikumbuka daftari. Alikumbuka jinsi alivyocheka, na jinsi Esta alivyolifunga taratibu akaliweka juu ya kabati.

Simu ikatetemeka kwenye pochi yake. Esta. Ikaacha, ikaanza tena. Kisha ujumbe ukaingia, akausoma kwa siri chini ya khanga: *Mama mkutano umeisha mapema niko njiani. Eliufoo amekula uji?*

Uji ulikuwa umebaki mezani. Hakuna aliyekumbuka chupa.

"Anayefuata," Zephania aliita.

Wa tatu na wa nne walikuwa wameshapita naye hata hajawaona. Eliaichi alimsukuma mgongoni, na miguu ikampeleka yenyewe nyuma ya pazia. Palikuwa na kiti, ndoo, meza yenye kitambaa cha plastiki, na juu yake nyembe mpya katika karatasi zake, chumvi ndani ya kikombe, na chupa ya spiriti. Zephania alikuwa ananawa mikono. Akamwelekeza kiti, akakishika kidevu cha mtoto kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akapenyeza mpini wa kijiko.

"Huu hapa. Umekaza."

"Anaongea," Fortunata alisema. Sauti ilimtoka imekauka. "Amesema sasa hivi, pale kwenye benchi. Amesema mjusi anapanda."

Zephania alitabasamu kwa uchovu. "Bibi, kila nikishika wembe watoto wa watu wanaanza kuongea. Haya, kama anaongea, aseme."

Na Fortunata, kwa mazoea ya miaka yote, akamwinamia mtoto pua kwa pua. "Eliufoo. Sema mjusi. Mwambie babu, mjusi. Haya, sema. Mju-si."

Kidevu cha mtoto kikazama kifuani.

"Sema, baba. Umesema pale. Sema tena."

Kikazama zaidi, na macho yakaenda kwenye vidole vya miguu. Zephania alitazama bati kama mtu anayengoja mvua iishe. Eliaichi akaingiza kichwa kwenye pazia.

"Mama Wilbard, usituaibishe," alinong'ona. "Tumetoka mbali. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale, sikusikia kitu."

Hakusikia kitu, na alikuwa amekaa kando yake, bega kwa bega. Fortunata alikitazama kile kidevu kilichozama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaiona ndiva upya, si kama walivyoisimulia wakubwa msibani, bali kama ilivyokuwa. Yeye alikuwepo. Hilo hakulisahau, ila alilipita haraka kila alipolikumbuka. Alikuwa kwenye ukingo na wasichana watatu wakifua, naye anawasimulia kisa cha mwalimu wao aliyefukuzwa na nyuki, anaiga mwalimu, anaiga nyuki, wenzake wamelala chini kwa kicheko. Loth alikuwa anacheza nyuma yake. Na Loth hakuwa bubu. Alikuwa akijisemea peke yake kwenye mahindi, kwa sauti ndogo, yeye alimsikia mara nyingi, akaacha kuamini alichosikia kwa sababu wakubwa walikuwa wameshaamua. Labda aliita. Labda siku ile Loth aliita kwa sauti yake ileile, na aliyekuwa anaongea alikuwa Fortunata.

Karatasi ya wembe ikachanika.

"Mshike kichwa," Zephania alisema.

"Niachie mtoto."

"Bibi, ni dakika moja."

"Nimesema niachie mtoto wangu." Aliusukuma mkono ule ulioshika kidevu, akasimama, na kiti kikaanguka kwenye ndoo kwa kishindo ambacho, kama bwana afya alikuwa barabarani, bila shaka alikisikia. Eliufoo alianza kulia. Zephania alirudi nyuma, wembe juu.

"Ukitoka hapa usirudi," alisema.

"Sirudi."

Nje, Eliaichi alimfuata mpaka kwenye kona ya makuti, ameiva kwa hasira. Alimwambia kwamba amemvunjia heshima mbele ya watu, kwamba mtoto atabaki bubu na siku hiyo ataikumbuka. Wakati mwingine wowote Fortunata angemjibu mpaka jua likachwa. Safari hii alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akaenda zake barabarani, akapata bodaboda.

Pikipiki iliishia pale kilima kilipokuwa kikali, ikagoma, na yeye akashuka akapanda kwa miguu. Hakuongea. Si kwamba ilikuwa rahisi. Kila baada ya hatua kumi neno lilimfika kwenye meno, na kila mara alilimeza. Alikuwa ameelewa kitu kimoja tu kutoka kwenye benchi lile, na alikishikilia kwa nguvu zake zote. Baada ya muda kilio cha mtoto kiliisha, ikabaki kwikwi, kisha nayo ikaisha.

"Jiwe," sauti ikasema nyuma ya shingo yake.

"Ehe," akajibu, polepole, kama anamjibu mtu mzima. Akaendelea kutembea.

Kimya. Migomba. Maji ya mfereji yakipita chini ya njia.

"Maji."

"Ehe. Maji yanakwenda shambani."

Kimya tena, kirefu. "Mbuzi wa Agape."

"Ndiye. Amekata kamba."

Furaha ilimpanda mpaka akakaza mwendo. Alianza kupanga jinsi atakavyomwambia Esta. Angemwambia kwamba amemsikia, kwamba daftari lilikuwa kweli, kwamba amekosa na anaomba radhi. Habari za bondeni zingesubiri. Pengine hapakuwa na haja ya kuzitaja kabisa, maana mtoto alikuwa mzima, hakuna tone lililomwagika, na Faraja hakuwa mtu wa kumwaga mtama. Bati la nyumba yao lilikuwa limeshaonekana juu. Eliufoo alijiinua kidogo mgongoni, akaweka mdomo kwenye sikio la bibi yake.

"Ntch. Tusimwambie mama."

Fortunata alisimama.

Ilikuwa sauti yake yeye. Ulimi ule ule wa kukata maneno, kituo kile kile, hata kile kiburi kidogo mwishoni. Miaka miwili na nusu alikuwa anamwinamia mtoto huyu akimwambia sema, naye mtoto alikuwa ametulia anasikiliza kila kitu, anachukua, anaweka. Na katika yote aliyoyaweka, hili ndilo alilochagua kumpa. Aibu ilimwingia Fortunata mpaka ikamfika mifupani. Alisimama njiani mpaka mtoto akaanza kumpigapiga na miguu, ndipo akapanda.

Esta alikuwa amesimama uani na nguo zake za safari, mkoba bado begani, chupa ya uji mkononi.

"Nimepita kanisani," alisema. Hakusalimia. "Limefungwa kwa kufuli. Faraja hataki kunitazama usoni. Mmetoka wapi, mama?"

Fortunata alimfungua mtoto mgongoni, akamwambia. Alimwambia yote, Zephania na wembe, pawatila na khanga, kijiko, na mkono juu ya kidevu. Hakutafuta maneno ya kujipendelea. Esta aliangusha mkoba, akapiga magoti, akamfungua mwanawe mdomo, naye mtoto akamfungulia bila ubishi. Alimulika kwa simu chini ya ulimi, mara ya kwanza, mara ya pili. Akapitisha na kidole, akakitazama kama kina damu.

"Ungemkata," alisema.

"Ningemkata."

"Mwanangu."

"Mwanao, ndiyo."

Hakupiga kelele. Fortunata angefurahi kama angepiga kelele. Esta alikaa chini kwenye vumbi na mtoto miguuni, akatazama mbele, na mama mkwe akasimama pale akiungoja ule ukimya bila kuuvunja, maana hakuwa na haki ya kuuvunja.

"Ameongea," hatimaye alisema. "Nimemsikia, Esta. Ulikuwa unasema kweli."

Esta aliinua macho. Kwa hasira yote aliyokuwa nayo, hakuweza kuzuia lile swali. "Amesema nini?"

Mjusi, angeweza kujibu. Jiwe. Maji. Yalikuwepo maneno mazuri ya kuchagua, na yote ya kweli.

"Amesema, 'Tusimwambie mama.'"

Esta alimwondoa mtoto miguuni. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, na Fortunata akasikia kiti kikiburutwa mpaka kwenye kabati. Alitoka na daftari na kalamu. Hakulifungua yeye. Alimnyooshea mama mkwe wake.

"Andika."

"Niandike nini, mwanangu?"

"Alichosema. Mimi nimesikia neno moja moja tu. Kwangu hajawahi kutoa maneno yakaungana, na wewe ndiye uliyesikia. Andika na tarehe."

Fortunata alikaa kwenye kigoda, akaweka daftari gotini. Maneno ya Esta yalishuka kwenye ukurasa mstari kwa mstari, maji, kuku, moto, inanuka, na mengine mengi aliyokuwa hajayaona, kurasa tatu nzima. Mjusi alikuwemo, tangu mwezi wa pili. Eliufoo alisogea hatua moja, akasimama, akatazama kalamu. Bibi yake hakumwambia kitu. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, maneno yale yote kama alivyoyasikia, akaweka tarehe. Esta alikuwa bado amesimama juu yake, kwa hiyo akaongeza chini: aliyesikia, Bibi.